Waya Kwenye Mizani: Namna ya Kupima Kani ya Sumaku

Waya wa shaba usiopitisha umeme hauathiriwi na sumaku iliyo karibu nao, kwa kuwa shaba si chuma na sumaku haiivuti. Hali hubadilika mara tu waya huo unapounganishwa na betri na mkondo wa umeme ukaanza kupita ndani yake, maana hapo waya husukumwa upande, na ukiwa umelegea huruka kabisa kutoka mahali ulipokuwa. Msukumo huo huitwa kani ya sumaku, na ndio unaozungusha mota za feni, za pampu za maji na za mashine za kusaga nafaka, na ndio unaotikisa spika ya redio mpaka sauti ikasikika. Watu wameuzoea sana kiasi kwamba ni nadra mtu kujiuliza swali lililowashughulisha wanafizikia kwa miaka 200: msukumo huo una ukubwa gani hasa, na hupimwaje? Njia kuu ya kulijibu imekuwa kuupambanisha na uzito wa kitu kinachojulikana, juu ya mizani. Kilichobadilika ni upande wa mizani unaotegemewa, kwani zamani uzito ndio uliopima umeme, ilhali tangu mwaka 2019 umeme ndio unaopima uzito.

Kani hiyo hutoka wapi

Mkondo wa umeme ndani ya waya ni mwendo wa chembe ndogo mno ziitwazo elektroni, na kila elektroni hubeba chaji, yaani kiasi fulani cha umeme kisichogawanyika. Uga wa sumaku, kwa upande wake, ni eneo linaloizunguka sumaku ambamo athari zake huonekana. Chembe yenye chaji ikitulia ndani ya uga huo haisukumwi na chochote, lakini ikipita kwa kuukatiza uga, husukumwa kuelekea upande usiokuwa wa mwendo wake wala wa uga, bali ulio wima kwa vyote viwili. Elektroni ndani ya waya husogea polepole kuliko watu wengi wanavyodhani: katika waya wa shaba wenye eneo la mkato la milimita moja ya mraba, mkondo wa ampea moja hupita huku elektroni zikisonga mbele kwa wastani wa milimita 0.07 tu kwa sekunde, mwendo ambao konokono angeupita bila taabu. Hata hivyo wingi wao ni mkubwa kupita kiasi, na misukumo yao midogo ikijumlishwa huupa waya mzima kani inayoweza kuonekana kwa macho na kupimwa.

Ukubwa wa kani hiyo hutegemea mambo manne, ambayo ni nguvu ya uga, kiasi cha mkondo, urefu wa sehemu ya waya iliyo ndani ya uga, na pembe iliyopo baina ya waya na uga. Waya unapoukatiza uga kwa pembemraba, kani hupatikana kwa kuzidisha mambo matatu ya kwanza, na jibu hutolewa kwa nyutoni, kizio ambacho ni takriban uzito wa kitu cha gramu 102. Mkondo hupimwa kwa ampea na uga hupimwa kwa tesla, kizio kikubwa ambacho sumaku chache hukifikia. Waya ukiinamishwa hadi pembe ya nyuzi 30, kani hupungua ikawa nusu, na ukilazwa sambamba na uga hutoweka kabisa, hata mkondo uwe mkubwa namna gani. Ili kujua upande ambao waya utasukumwa, wanafunzi hufundishwa kanuni ya mkono wa kushoto ya John Ambrose Fleming, ambayo huvitandaza vidole vitatu kwa pembemraba: cha shahada huonyesha uga, cha kati huonyesha mkondo, na gumba huonyesha kani.

Mfano wa hesabu unatosha kuonyesha kwa nini upimaji wake ni mgumu. Uga wa sumaku wa Dunia, ule unaogeuza sindano ya dira, una takriban sehemu 33 za milioni za tesla katika eneo la Afrika Mashariki. Waya wa urefu wa mita moja unaobeba ampea 5, ukiukatiza uga huo kwa pembemraba, husukumwa kwa kani iliyo sawa na uzito wa miligramu 17 hivi, kiasi ambacho mizani ya dukani haiwezi kukitambua kamwe.

Kutoka dira hadi mizani

Elimu hii ilianza mwaka 1820 mjini Copenhagen, Denmark, Hans Christian Ørsted alipobaini kwamba sindano ya dira hugeuka inapokuwa karibu na waya wenye mkondo. Taarifa yake, aliyoiandika kwa Kilatini na kuitoa tarehe 21 Julai mwaka huo, ilienea Ulaya kwa haraka, na mwezi Septemba ikafika Paris mbele ya Akademia ya Sayansi. Miongoni mwa waliokuwapo alikuwa André-Marie Ampère, ambaye katika majuma machache tu alionyesha jambo jipya: nyaya mbili zilizo sambamba huvutana ikiwa mikondo yake inaelekea upande mmoja, na husukumana ikiwa inaelekea pande zinazopingana, ingawa hakuna sumaku yoyote karibu. Mwaka uliofuata, Michael Faraday wa Royal Institution mjini London aliutumbukiza mwisho wa waya katika chombo cha zebaki kilichokuwa na sumaku katikati, na waya ukawa unaizunguka sumaku hiyo kwa muda wote mkondo ulipopita, jambo lililoandaa njia ya mota za umeme.

Kuona kani na kuipa tarakimu ni mambo mawili tofauti. Betri za wakati huo zilichoka upesi, na hapakuwa na kizio cha mkondo kilichokubaliwa na wote, kwa hiyo Ampère aliepuka tatizo hilo kwa ustadi mkubwa: alizipanga nyaya zake ili kani mbili zipingane na kufutana kabisa. Kani zikifutana kifaa hakisogei, na kutosogea hakuhitaji kizio chochote. Isitoshe, betri ikidhoofika, kani zote mbili hudhoofika pamoja kwa sababu mkondo unaopita ni uleule, na usawa hauvunjiki. Kwa mipangilio ya aina hiyo alizipata kanuni za kani baina ya mikondo bila kuzipima kani zenyewe.

Tarakimu zilianza kupatikana baadaye katika karne hiyo. Katika miaka ya 1840 Wilhelm Weber wa Ujerumani alitengeneza kifaa ambacho ndani yake koili moja, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, ilining'inizwa ndani ya nyingine, na kani ikasomwa kutokana na pembe iliyogeuka ile ya ndani. Katika miaka ya 1880 William Thomson, anayejulikana zaidi kama Lord Kelvin, alibuni mizani za mkondo huko Glasgow, Uskoti, ambazo mihimili yake ilibeba koili kwenye ncha zake juu na chini ya koili nyingine zisizosogea, na uzito mdogo ukasogezwa juu ya mhimili mpaka usawa urejee. Kwa kuwa mkondo uleule ulipita katika koili zote, kani iliongezeka kwa mraba wa mkondo: mkondo ukizidishwa mara mbili, kani hukua mara nne, na mwelekeo wa mkondo ukigeuzwa, kani haibadiliki. Kwa sababu hiyo mizani za namna hiyo ziliweza kupima hata mkondo geu, ule unaobadilisha mwelekeo mara nyingi kwa sekunde kama unaotumika majumbani leo.

Mwaka 1884 Lord Rayleigh na Eleanor Sidgwick, waliofanya kazi pamoja Cambridge, Uingereza, walichapisha matokeo ya vipimo vilivyotumia mizani ya mkondo kutafuta kiasi cha fedha kinachogandishwa na ampea moja inapopitishwa katika myeyusho wa chumvi ya fedha. Kazi ya namna hiyo iliwezesha mkutano wa kimataifa uliofanyika London mwaka 1908 kuieleza ampea kuwa ni mkondo unaogandisha miligramu 1.118 za fedha kwa sekunde, maelezo ambayo maabara yoyote yenye mizani nzuri na saa iliweza kuyatumia.

Jaribio la shuleni

Kinachovutia katika suala hili ni kwamba kipimo kilichowashughulisha mabingwa hao kinaweza kufanyika katika maabara ya sekondari kwa vifaa vichache. Huhitajika mizani ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, sumaku mbili bapa zilizobandikwa ndani ya kipande cha chuma chenye umbo la U zikiwa zimeelekezeana ncha tofauti, waya mnene wa shaba, chanzo cha umeme kinachoweza kurekebishwa, na amita, yaani kifaa cha kupimia mkondo. Kipande chenye sumaku huwekwa juu ya mizani na mizani hurudishwa kwenye sifuri, kisha waya hushikiliwa na stendi ili upite katikati ya sumaku bila kuzigusa na bila kugusa mizani.

Mtu anaweza kuuliza inakuwaje mizani ipime kani ya waya usioigusa. Jibu limo katika kanuni ya tatu ya Newton, isemayo kwamba kitu kikikisukuma kingine, nacho husukumwa kwa kani ileile kuelekea upande wa pili. Sumaku zikiusukuma waya kwenda juu, waya nao huzisukuma sumaku kwenda chini, na kwa kuwa waya umebanwa imara, badiliko lote huonekana kwenye mizani kama ongezeko la gramu. Gramu hizo zikigawanywa kwa 1,000 ili ziwe kilo, kisha zikazidishwa kwa 9.8, ambacho ni kipimo cha mvutano wa Dunia, kani hupatikana kwa nyutoni.

Tuseme uga baina ya sumaku ni tesla 0.08 na sehemu ya waya iliyo ndani yake ni sentimita 5. Kwa mujibu wa kanuni, mkondo wa ampea 1 utaongeza gramu 0.41, ampea 3 zitaongeza gramu 1.22, na ampea 5 zitaongeza gramu 2.04. Namba hizo zikichorwa kwenye grafu hupangika katika mstari ulionyooka unaopita kwenye sifuri, na mwinamo wa mstari huo huonyesha nguvu ya uga, kwa hiyo mwanafunzi aliyeanza bila kuijua sumaku yake humaliza akiwa ameipima. Mstari usiopita kwenye sifuri, au unaopinda kadiri mkondo unavyokua, huwa ni ishara kwamba kuna kosa linalopaswa kutafutwa.

Makosa ya kawaida yanajulikana. Uga haukatiki ghafla kwenye kingo za sumaku bali hufifia taratibu nje yake, kwa hiyo urefu wa waya ulio ndani ya uga si sawa kabisa na urefu wa sumaku unaopimwa kwa rula. Waya mwembamba hupata joto mkondo unapozidi, hurefuka na kulegea, kisha hushuka kwenye sehemu ambayo uga wake ni tofauti. Mizani nayo, ikiwa ndani yake mna vipande vya chuma, huvutwa na sumaku iliyowekwa juu yake, na ndiyo sababu inafaa kuweka kipande cha ubao au plastiki katikati ili kuziweka mbali. Tiba inayofuta kosa hili la mwisho ni kusoma mara mbili kwa kila mkondo, mara ya pili ukiwa umegeuzwa mwelekeo, kisha kutafuta tofauti ya masomo hayo na kuigawa kwa mbili. Kani ya sumaku hubadilika kutoka kuongeza hadi kupunguza, ilhali mivuto isiyotokana na mkondo hubaki vilevile na kutoweka katika hesabu.

Nyaya mbili na kizio cha ampea

Mwaka 1948 maelezo yanayotegemea fedha iliyogandishwa yaliachwa, na ampea ikafasiriwa kwa kani yenyewe: ni mkondo ambao, ukipita katika nyaya mbili nyembamba, zilizonyooka na zisizo na mwisho, zilizoachana kwa mita moja katika ombwe, huleta kani ya sehemu mbili za milioni kumi za nyutoni kwa kila mita ya waya. Kani hiyo ni ndogo kiasi cha kulingana na uzito wa sehemu 20 za milioni za gramu, na nyaya zisizo na mwisho hazipo popote, kwa hiyo maabara ziliendelea kutumia koili zilizotengenezwa kwa uangalifu, zikapima vipenyo na nafasi zake, kisha zikakokotoa.

Udogo wa kani hiyo usimdanganye msomaji akaidharau, kwa sababu hukua kwa kuzidishwa mikondo yote miwili na kwa kupungua umbali. Katika vituo vya kupozea umeme, hitilafu inayosababisha nyaya kugusana inaweza kupitisha ampea 10,000 kwa sehemu ya sekunde, na ikiwa vyuma viwili vinavyobeba mkondo huo viko umbali wa sentimita 10, kila mita yake husukumwa kwa nyutoni 200, sawa na uzito wa kilo 20 hivi. Mkondo ukifika ampea 40,000, kani hukua mara 16 na kupita uzito wa kilo 300 kwa kila mita, uwezo wa kupinda vyuma na kuvunja vikombe vinavyovishikilia. Wahandisi hulazimika kuikokotoa kani hiyo kabla ya kuamua vishikizo viwekwe kwa umbali gani na viwe imara kiasi gani.

Umeme wageuka mpimaji

Mizani za mkondo zilikuwa na kikomo ambacho uangalifu pekee haukuweza kukivuka. Ili kuijua kani kwa hesabu, ilibidi kujua uga na urefu wa waya katika kila sehemu ya koili, na hakuna aliyeweza kuvipima viwili hivyo kwa usahihi wa hali ya juu. Mwaka 1975 Bryan Kibble, mwanafizikia wa maabara ya taifa ya vipimo iliyoko Teddington, Uingereza, alipendekeza njia ya kuvikwepa vyote viwili.

Mizani yake hufanya kazi kwa hatua mbili. Katika hatua ya kwanza, koili iliyo ndani ya uga wa sumaku hupitishiwa mkondo mpaka kani yake isawazishe uzito wa jiwe la mizani, na mkondo huo hurekodiwa. Katika hatua ya pili jiwe huondolewa na mkondo hukatwa, kisha koili ileile huendeshwa juu na chini kwa mwendo unaopimwa kwa mwanga wa leza, na kwa kuwa waya unaosogea ndani ya uga huzalisha volti, volti hizo nazo hurekodiwa. Uga na urefu wa waya, ambavyo havijulikani kikamilifu, hujitokeza kwa namna moja katika hatua zote mbili, kwa hiyo hesabu ya hatua moja ikigawanywa kwa ya nyingine hufutika kabisa. Kinachobaki ni usawa mfupi: uzito ukizidishwa kwa mwendo ni sawa na volti zikizidishwa kwa mkondo. Kwa kuwa pande zote mbili ni wati, kifaa hicho kiliitwa mizani ya wati hadi Kibble alipofariki mwaka 2016, ndipo kikapewa jina lake.

Volti na mkondo viliweza kupimwa kwa usahihi mkubwa kutokana na ugunduzi wa aina mbili: ule wa Brian Josephson wa mwaka 1962, unaofungamanisha volti na masafa ya mawimbi, na ule wa Klaus von Klitzing wa mwaka 1980, unaotoa kipimo thabiti cha ukinzani. Yote mawili hurudi kwenye namba isiyobadilika ya maumbile iitwayo kiwango cha Planck. Hapo ndipo mambo yalipogeuka, kwa sababu kilo, ambayo tangu mwaka 1889 ilikuwa ni silinda moja ya platinamu na iridiamu iliyotunzwa Sèvres karibu na Paris, ilikuwa imeleta mashaka: ilipolinganishwa na nakala zake baada ya miaka mingi, zilionekana kutofautiana kwa takriban sehemu 50 za milioni za gramu, na hakuna aliyeweza kusema ni ipi iliyobadilika. Tarehe 16 Novemba 2018, wajumbe wa mataifa waliokutana Versailles, Ufaransa, walipiga kura ya kukiweka kiwango cha Planck kuwa namba isiyobadilika na kuipata kilo kutokana nacho, uamuzi ulioanza kutumika tarehe 20 Mei 2019. Siku hiyohiyo ampea nayo iliachana na nyaya zake mbili ikafungamanishwa na chaji ya elektroni, na kani baina ya nyaya hizo ikawa jambo la kupimwa badala ya kuamuliwa, ingawa tofauti na namba ya zamani haifiki sehemu moja kwa bilioni.

Matokeo ya uamuzi huo yanahusu pia nchi zisizo na mizani ya Kibble. Mawe ya mizani yanayotunzwa na Shirika la Viwango Tanzania na lile la Kenya, ambayo vipimo vya viwandani na sokoni hulinganishwa nayo kwa ngazi, hayajabadilika uzito hata kidogo, kwa kuwa kilo mpya ilichaguliwa ilingane na ya zamani. Tofauti ni kwamba ngazi hiyo haiishii tena kwenye silinda moja ya nchi moja, bali kwenye jaribio ambalo taifa lolote lenye wataalamu na vifaa linaweza kulirudia. Mwaka 2015 watafiti wa maabara ya taifa ya vipimo ya Marekani walichapisha maelezo ya mizani ya Kibble iliyojengwa kwa vipande vya kuchezea vya LEGO, yenye usahihi wa karibu asilimia moja, ili shule na vyuo viweze kuiiga. Mwalimu wa fizikia aliyekwisha kuipima sumaku yake kwa mizani ya kidijitali na waya mmoja amekamilisha hatua ya kwanza ya jaribio hilo, na ya pili inahitaji koili inayosogea, kifaa cha kupimia volti na namna ya kupima mwendo.